Sijambo Iliyomponza Bibi

Bibi yangu nusura afe kwa sababu ya tabia njema. Nalisema hili kwa utulivu, kama wazee wanavyokuwa watulivu kabla ya kuanza kugombana.

Watu wengine huponzwa na pombe, na mwendo wa kasi, na mali za wenzao. Bibi hanywi, hapandi pikipiki, na mali za watu humpitia mikononi kila siku, maana ni fundi cherehani, na hurudisha hata kifungo. Kosa lake ni moja tu: akisalimiwa, anajibu. Ukimwuliza "Hujambo?" atakujibu "Sijambo" hata kama nyumba inaungua. Kisha atakuuliza hali yako na ya mama yako, na ukiwa bado hujaondoka ndipo atakutajia moto. Hivyo ndivyo alivyolelewa, na hivyo ndivyo alivyonilea mimi, japo kwa mafanikio madogo.

Asubuhi ile nilikuwa nyumbani kwa likizo fupi ya katikati ya muhula. Nilikuwa nimekaa na taulo kiunoni, kwa kuwa suruali yangu ya shule ilikuwa chini ya sindano ya Bibi. Alikuwa akishusha pindo huku akilalamika kwamba miguu yangu inakua bila kuomba ruhusa. Mara cherehani ikanyamaza. Nikadhani uzi umekatika.

"Vipi, Bibi?"

"Hamna kitu, mume wangu."

Bibi huniita mume wangu, kama bibi wengi wanavyowatania wajukuu wao wa kiume. Nami humwita mke wangu ninapohitaji nauli. Safari hii utani ulitoka bila nguvu. Jasho lilikuwa limemjaa usoni, na asubuhi ilikuwa ya baridi. Alijisugua taya, kisha bega, kisha akaushika mkono wake wa kushoto kama mtu aliyebebeshwa mzigo usio wake.

"Roho tu inanipaa," akasema. "Naona kama inataka kutoka. Itatulia."

Hapa inanibidi nieleze elimu yangu. Bwenini naitwa Daktari. Sijawahi kumponya mtu. Naitwa hivyo kwa sababu hakuna ugonjwa nisioweza kuuugua mbele ya metroni wetu kukiwa na mtihani wa hesabu. Wenzangu huja kwangu kuandikiwa: wewe sukutua maji ya moto kabla ya kipimajoto, wewe chechemea mguu uleule, usije ukaubadilisha baada ya chakula. Kazi hii inataka kusoma, nami nimezisoma dalili za maradhi kwa bidii ambayo mwalimu wangu wa baiolojia hajawahi kuiona darasani. Ugonjwa wa moyo niliujua wote kwa kichwa. Sikuwahi kuutumia, kwa kuwa metroni ni mtu wa mashaka, na kumletea moyo ingekuwa kumtukana. Sasa Bibi alikuwa ameketi mbele yangu akifanya kila nilichokisoma, na alikuwa haigizi.

Nikavaa suruali yenye mguu mmoja mrefu na mmoja mfupi, nikakimbilia kwa jirani.

Jirani husambaza mikate kwa gari dogo. Tulimketisha Bibi mbele, mimi nikajibana nyuma na makreti. Njia nzima nilimsikia Bibi, pumzi hana, akimwuliza jirani kuhusu kikohozi cha mkewe.

Mlangoni mwa chumba cha dharura zamani palikuwa na meza na muuguzi. Meza imeondolewa. Sasa pamesimama nguzo yenye kioo, kamera, na tundu linalotema kanda za kuvaa mkononi: nyekundu kwa mtu wa kukimbizwa ndani, njano kwa wa kungoja, kijani kwa asiye na haraka. Juu yake palitundikwa kitambaa: WIKI YA TATHMINI. AKILI BANDIA KATIKA DHARURA ZA MOYO. Wafanyakazi wenyewe waliiita ile mashine Shemeji. Mtu mmoja mwenye mguu uliovimba alimwuliza muuguzi wa zamu kwa nini.

"Kaletwa na wakubwa bila sisi kuulizwa," muuguzi akamjibu, "anatoa amri kwenye nyumba ya watu, na ukimkosea heshima ni ndoa yako inayoyumba. Huyo si shemeji?"

Mwenye mguu alicheka. Mimi nilikuwa namshikilia Bibi mbele ya kioo.

"Karibu," ikasema mashine kwa sauti ya binti aliyekula asali. "Hujambo?"

Bibi akaniangalia. "Mtoto wa nani huyu? Mbona hana shikamoo?"

"Ni mashine, Bibi. Iambie kifua kinakuuma."

"Hujambo?"

"Sijambo, mwanangu," akasema Bibi, ameegemea nguzo asianguke. "Na wewe hujambo? Nyumbani wote wazima?"

"Nafurahi kusikia kwamba hujambo," ikasema Shemeji. "Una tatizo gani leo?"

"Aa, tatizo si tatizo. Ni roho tu."

"Tafadhali eleza zaidi kuhusu roho."

"Inanipaa. Inanisonga. Naona kama nitaiacha hapahapa."

"Pole. Je, kuna mambo ya nyumbani yanayokusumbua?"

"Nyumba gani isiyo na mambo, mwanangu?"

"Kifua!" nikapiga kelele. "Bibi, sema kifua!"

"Tafadhali mgonjwa ajibu mwenyewe. Umefika na nani?"

"Na mume wangu huyu," akasema Bibi, akinipapasa kichwa kwa mkono uliolowa jasho.

Shemeji akaendelea na maswali. "Mume wako ana umri gani?"

"Kumi na sita," akasema Bibi kwa fahari. "Na miguu bado inakua."

Sijui ndani ya Shemeji palitokea nini. Labda aliita kikao. Kisha tundu likatema ukanda wa kijani, na ile sauti ya asali ikasoma hukumu: "Hali yako si ya dharura. Una msongo wa mawazo unaotokana na ndoa. Tafadhali nenda chumba cha ushauri nasaha, ghorofa ya juu. Siku njema."

Lifti ilikuwa imebandikwa karatasi: MBOVU, TUMIA NGAZI.

"Asante, mwanangu," Bibi akaiambia mashine, akaanza kuzielekea ngazi.

Nilimdaka, nikamketisha kwenye benchi. Nikarudi kwa Shemeji mbio na kusema yote niliyoyaona nyumbani: jasho, taya, mkono. Alinisikiliza kwa adabu. "Mgonjwa huyu ameshapimwa," akasema. "Kipimo kinaweza kurudiwa baada ya saa moja."

Nikamwendea muuguzi wa zamu.

"Sista, bibi yangu ana ugonjwa wa moyo. Hebu mtazame tu. Sitaki kipimo kingine, nataka macho ya mtu."

Akaja. Akamshika Bibi kifundo cha mkono, akamwangalia midomo, na uso wake ukabadilika. Niliuona ukibadilika. Mtu asije akaniambia kesho kwamba hakujua.

"Mimi ningempitisha sasa hivi," akanong'ona.

"Basi mpitishe."

"Kumpinga Shemeji lazima mkuu wa kitengo aidhinishe, na mkuu yuko na wageni wa tathmini. Wiki hii kila anayempinga anaandikwa. Mwenzangu kampinga juzi, leo yuko stoo anapanga glovu."

"Na yule mgonjwa wake?"

"Ulikuwa moyo kweli," akasema bila kuniangalia. "Kaa naye hapa. Asipande ngazi hata wakimwita. Namfuata mkuu."

Akaondoka kwa hatua za haraka lakini za heshima, maana wakati wa tathmini wauguzi hawakimbii.

Hapo ndipo alipotufikia mtathmini. Alikuwa dada nadhifu, tableti mkononi, kadi shingoni, na uso wa mtu ambaye amelala vizuri. Sina ugomvi na kulala vizuri.

"Samahani, ni dakika moja. Tunapima jinsi mfumo ulivyopokelewa. Mama, umeionaje huduma ya leo?" Akamnyooshea Bibi tableti yenye sura tatu: inayocheka, iliyonuna kidogo, na inayolia.

"Dada, bibi yangu anaumwa," nikasema.

"Oo, pole sana." Nadhani pole ilikuwa ya kweli. Kisha akauona ule ukanda wa kijani, na pole ikamwishia usoni kama taa iliyozimwa. "Ah, ni kijani. Usiwe na wasiwasi."

Bibi akafumbua macho. Akainua kidole chenye alama za sindano za maisha yake yote, akabonyeza sura inayocheka.

"Bibi! Kwa nini?"

"Msichana wa watu yuko kazini," akanong'ona. "Asije akagombezwa."

"Asante, mama," akasema mtathmini, akaenda kumwuliza mwenye mguu.

Nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kuijua, hata siku ile bwalo lilipotupikia maharage yenye wadudu na mpishi akatuambia tushukuru, hiyo ni nyama. Mwanamke anakufa kwenye benchi, na wanayemjua ni kijani anayecheka! Na kila aliyekuwa mle ndani alikuwa akitimiza wajibu wake: mashine imesalimia, muuguzi amefuata ngazi za uongozi, mtathmini ametathmini. Hakuna aliyefanya kosa. Kama kungekuwa na mwizi mmoja mle ndani ningemshika kola. Sasa ningemshika nani, nguzo?

Bibi akainamisha kichwa, kidevu kikagusa kifua.

Nikaenda kwa Shemeji kwa mara ya tatu, na safari hii nilikwenda kama mgonjwa.

"Karibu. Hujambo?"

"Nina jambo," nikasema. "Kifua kinanibana kama nimekaliwa na mtu mzima. Maumivu yanapanda tayani, yanashuka mkono wa kushoto. Jasho baridi. Kichefuchefu. Pumzi haitoshi. Yalianza nikiwa nimekaa."

"Umri wako?"

"Sitini na minane."

Sauti yangu siku hizi inavunjika. Huanza neno ikiwa ya dume na kulimaliza ikiwa ya jogoo mdogo. Kamera ilikuwa inanitazama ana kwa ana, nina chunusi na sare ya shule. Shemeji hakuona ajabu.

"Umefika na nani?"

"Peke yangu. Sijaoa."

Metroni wetu angenikamata kwenye neno la pili. Angenitazama juu ya miwani, aseme "Haya, kimbia darasani." Shemeji alipiga king'ora. Tundu likatema ukanda mwekundu kama pilipili, taa ya juu ikazunguka, na milango iliyokuwa imefungwa asubuhi nzima ikafunguka yenyewe. Kitanda kikaja mbio kikisukumwa na wawili, na mbele yao daktari, shati limechomoka upande mmoja. Nilimpenda palepale kwa ajili ya lile shati.

"Dharura ya moyo! Mgonjwa yuko wapi?"

Nikanyoosha mkono wenye ukanda mwekundu. "Ni mimi, Daktari."

Akanitazama kuanzia chunusi hadi ile suruali ya miguu isiyolingana. Akafumbua mdomo, na najua alichotaka kusema, maana nimekisikia kwa walimu wengi.

"Ila nimempisha bibi yangu," nikawahi. "Yule pale. Mkubwa akikosa pa kukaa, mdogo humpisha. Ndivyo alivyonifundisha."

Akageuza shingo. Bibi alikuwa ameinama upande, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umemponyoka mapajani. Daktari hakuniuliza tena lolote. Yeye alikimbia, tathmini au si tathmini.

Nilibaki kwenye benchi lililokuwa bado na joto lake. Kupitia kioo cha mlango niliwaona wakimbandika nyaya kifuani. Mashine nyingine, ndogo, isiyosalimia mtu, ikatoa karatasi yenye mistari. Daktari akaitazama mara moja tu, akaita dawa. Sina chuki na mashine zote, nataka lieleweke. Ile ndogo haikumwuliza Bibi kuhusu ndoa.

Daktari alipotoka alikaa karibu nami, jambo ambalo madaktari hawalifanyi wakiwa na habari nzuri tupu.

"Mshipa unaolisha moyo wake ulikuwa umeziba," akasema. "Tumempa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, na damu imeanza kupita. Ataishi. Lakini kuna kipande cha moyo kimekufa, kijana, na hicho hakifufuki. Atachoka upesi. Cherehani ya miguu aisahau. Laiti angefika mapema."

"Alifika mapema," nikasema. "Alikuwa hapo mlangoni. Alikuwa anasalimiana."

Akatazama ile nguzo, akatazama ukanda wangu, akasugua uso kwa viganja. "Nimeshawaambia," akasema. Hakuniambia amewaambia nini.

Kisha akaja mkuu wa kitengo, tai imenyooka, pamoja na mtathmini, na nyuma yao muuguzi wa zamu, macho mekundu. Mtathmini alikuwa amefurahi.

"Huu ndio mfano tuliokuwa tunautafuta," akasema. "Tangu king'ora hadi kitandani ni muda mfupi kuliko wote wa wiki nzima. Na mgonjwa kapona!"

"Mgonjwa gani?" nikauliza.

"Huyu mwekundu." Akasoma kwenye tableti. "Sitini na minane, amefika peke yake."

"Huyo ni mimi."

Akacheka. Kisha akaacha.

"Mwekundu ni mimi, dada, na sina hata mafua. Aliyekuwa anakufa ni yule wa kijani. Yule uliyempa sura za kuchagua."

Mtathmini akashuka kwa kidole kwenye kioo chake. "Wa kijani... msongo wa ndoa... ameridhika sana." Sauti yake ilianza kupungua. "Lakini hapa hakuna pa kuandika kwamba mmoja alikuwa mwingine."

"Kwani mnapima nini?"

"Mapokezi. Jinsi wafanyakazi walivyoipokea mashine. Wanaifuata kwa kiasi gani."

"Na mashine imewapokeaje wagonjwa, hilo anapima nani?"

Mkuu wa kitengo akakohoa kikohozi cha ofisini. "Kijana, unajua umeidanganya mashine ya dharura? Unajua kuna mtu angeweza kukosa kitanda kwa ajili ya mchezo wako?"

"Alikuwepo mtu wa kukosa kitanda, mzee. Nilikaa naye benchi moja."

"Usinijibu hivyo!"

"Nikujibuje? Sijambo?"

Nakiri lile halikuwa jibu la mtoto aliyelelewa vizuri. Bibi angenifinya.

"Mimi nilimwona," akasema muuguzi ghafla. Wote tukageuka. "Nilimshika mkono nikajua ni moyo. Nikaja kukutafuta, mkuu, nikaambiwa ningoje nje mpaka wageni wamalize chai. Nikangoja! Zamani hapa nilikuwa na meza. Mtu akiniambia hajambo, namtazama. Sijambo ni mlango tu, mtu yuko ndani. Nani asiyejua hilo?"

"Tutazungumza ofisini," akasema mkuu.

"Tuzungumze hapahapa."

Hawakuzungumza hapahapa. Walizungumza ofisini, mlango umefungwa, na siku mbili baadaye, nilipokwenda kumwona Bibi wodini, niliambiwa muuguzi yule naye yuko stoo. Glovu za hospitali ile sasa zimepangwa kuliko glovu za hospitali nyingine yoyote. Mkuu alipiga simu shuleni pia. Nimepewa adhabu ya kufyeka nyasi za uwanja mzima kwa "kuigiza ugonjwa wa hatari," na metroni, kwa mara ya kwanza katika historia yetu, alinijia nikiwa na fyekeo mkononi, akanitazama juu ya miwani, akasema, "Ule uliugua vizuri," akaniachia chupa ya maji, akaondoka.

Mtathmini alirudi wodini mara moja, bila tableti. Alisimama miguuni pa kitanda, Bibi akamwuliza kama nyumbani hawajambo na kama yule mkubwa wake hakumgombeza. Dada yule akatoka nje bila kujibu. Nilimsikia akipenga kamasi kwenye korido. Kamasi sijui kama zinaingia kwenye ripoti. Shemeji bado yupo mlangoni, na nimesikia watamnunulia wenzake kwa ajili ya hospitali nyingine, kwa kuwa ametiiwa sana.

Bibi yuko nyumbani. Cherehani ameifunika shuka, naye hupita karibu nayo kama mtu anayepita karibu na kaburi la mtu wa kwao. Kila mwezi anatakiwa arudi kliniki ya moyo, na njia ya kliniki ni mlango uleule. Kwa hiyo nilipopata ruhusa ya kuja kumwona, jioni kabla sijarudi shuleni, tulifanya mazoezi. Mimi nilisimama kama nguzo nikaigiza ile sauti ya asali. Hilo naliweza.

"Karibu. Hujambo?"

"Sijam..."

"Bibi!"

"Haya, haya. Rudia."

"Karibu. Hujambo?"

Akajikaza. Mwanamke mwenye wajukuu, aliyezitengeneza nguo za nusu ya mtaa, aliyewafundisha adabu watoto wake na watoto wa wenzake, anakaa kitandani akijifunza kukosa adabu ili mashine ya watu isimuue. Mashine yenyewe hakuna anayeifundisha kitu.

"Nina jambo," akasema, akatupa macho dirishani kuona kama jirani amesikia.

"Safi kabisa. Umefika na nani?"

"Na mjukuu wangu." Ilimwuma kulisema, niliona.

"Vizuri. Umefaulu."

Akatafuta pumzi. Kisha akanivuta mkono, akaniuliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayerudisha kitu alichokiiba:

"Nawe je, mwanangu? Hujambo?"